Kibanja Kilichougua Kwenye Karatasi

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nasema nina stesheneri pale Rubwera, jirani na ofisi za wilaya. Natoa fotokopi, nachapa barua za maombi, napiga picha za pasipoti. Nisichokisema, kwa kuwa kukieleza huchukua muda, ni kwamba wateja wakipungua mchana nafungua laptopu na kuandika programu kwa lugha ya kompyuta iliyotengenezwa na watu wa kujitolea, walioko nchi nyingi, ambao sijawahi kumwona hata mmoja. Lugha yenyewe ni ya bure na ni ya wote. Ukiikuta na hitilafu, au ukikuta kitabu chake cha maelezo kinasema hivi na yenyewe inafanya vile, unawaandikia wahusika hadharani, kila mtu asome. Nimeshawaandikia mara nyingi kiasi kwamba wengine wananifahamu. Nadhani wananiona msumbufu, na sijali hata kidogo.

Nitasimulia ile mara ya kwanza, maana nusura hitilafu ile imharibie mtu maisha, na mtu huyo alikuwa jirani yetu.

Nyumbani kwetu ni Ihanda, kwenye kahawa na migomba. Mwaka ule mnyauko ulikuwa umeingia tena. Huo ni ugonjwa wa migomba usio na dawa: majani yanakuwa ya njano, ndizi zinaiva ndani kabla ya wakati wake, ukikata shina linatoa uji. Unang'oa shina zima na kulifukia. Tena unasafiri na panga. Ukikata mgomba mgonjwa, kisha ukaenda kwa jirani na panga hilohilo bila kulipitisha motoni, umempelekea. Ndiyo maana kikundi cha wakulima cha kijijini kwetu kiliamua kukagua kila kibanja, yaani shamba la migomba la kila nyumba, na mimi, binti yao mwenye kompyuta, nikaombwa kutengeneza orodha ya kaya zenye ugonjwa. Nilikubali bila hata kumaliza kusikiliza. Nilikuwa nimengoja siku nyingi mtu wa nyumbani aniombe kitu kama hicho.

Wakaguzi walipita na karatasi zao. Kaya yenye ugonjwa waliandika “mnyauko”, kaya isiyo na ugonjwa walichora kistari. Katibu wa kikundi aliviingiza vyote kwenye jedwali na kunitumia kwa simu. Programu yangu ilisoma jedwali na kutoa orodha. Jumamosi nikaichapa kwa herufi kubwa, nikaituma kwa basi dogo, na nikalala usingizi mzuri.

Jumapili orodha ikasomwa kanisani baada ya ibada, watu wakiwa wamekusanyika nje kwa mnada wa sadaka, mazao yaliyotolewa yakiuzwa. Jioni mama yangu alinipigia simu. Hakunisalimia vizuri, na mama yangu akiacha salamu ujue pana jambo. Alisema bibi jirani yetu amesomwa. Kwenye mnada bibi huyo alikuwa ameleta mkungu wa ndizi kama kawaida yake, na baada ya orodha kusomwa hakuna aliyeutajia bei. Ukabaki chini pale mpaka mwenyewe akaubeba kichwani kurudi nao kwake.

Bibi huyu alitoka Burundi akiwa msichana. Mume alishafariki, watoto wako mbali. Ana kibanja kidogo kinachomtosha kula, na kinachobaki anakipata kwa kibarua: anapalilia, anapunguzia watu majani ya migomba, anakata maua dume. Ina maana panga lake huingia karibu kila kibanja cha kijiji. Kama migomba yake inaumwa, basi ni yeye aliyewatembezea watu wote ugonjwa. Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti pale kanisani, lakini kufikia jioni mwenyekiti wa kikundi alikuwa ameshamtumia ujumbe kwamba palizi ya kahawa yake isubiri kwanza. Watu wengine wawili wakafuata. Migomba yenyewe ingeng'olewa Alhamisi.

Nakiri jibu nililompa mama siku ile. Nilisema kompyuta haina jirani wala haina chuki, inasema ilichoandikiwa. Nikasema labda kibanja cha bibi kinaumwa na mwenyewe hajui. Mama akaniambia kwamba mkaguzi aliyepita kwa bibi, mzee mmoja mpole ambaye nimemfahamu tangu utoto, anaapa kwamba hakuandika kitu chochote kwenye mstari ule.

Asubuhi ya Jumatatu katibu alinitumia picha ya karatasi. Ni kweli. Mstari wa bibi ulikuwa mtupu, hauna neno wala kistari. Nilimpigia mzee mkaguzi, nikamwamkia, nikamuuliza kwa nini. Alinijibu kama anayemweleza mtoto jambo la wazi: alipofika, bibi alikuwa kibaruani. Aliitazama migomba kutoka njiani akaona inapendeza, lakini hawezi kukisema kibanja cha mtu mwenyewe hayupo, kiwe kizima au kiwe kigonjwa. Alipanga kurudi. Na kweli, kwenye karatasi zake kulikuwa na mistari mitatu mitupu, ya nyumba tatu alizokuta hakuna mtu.

Nilifungua kitabu cha maelezo cha lugha yangu, kwenye amri ya kusoma majedwali. Kilisema wazi kabisa kwamba kisanduku kitupu kitabaki kitupu. Nikatengeneza jedwali dogo la mistari mitatu, wa pili mtupu, nikaipa amri. Ule mtupu ukatoka umejaa. Ulikuwa umechukua neno la mstari wa juu yake. Nikarudia, nikabadilisha maneno, matokeo yakawa yaleyale. Nyumba mbili kati ya zile tatu zilikuwa chini ya vistari, zikapata vistari, hakuna aliyegundua. Bibi alikuwa chini ya kaya yenye mnyauko.

Nilimpigia mwenyekiti papo hapo, nikidhani kazi imekwisha. Haikuisha. Mwenyekiti ni mtu mwenye heshima zake na hapendi kuyumbishwa. Alisema karatasi imeandikwa kwa penseli, na watu wameshaanza kuuliza kama haikufutwa. Mkaguzi anamhurumia bibi, mama yangu ni rafiki wa bibi, na mimi ni mtoto wa mama yangu. Hata wakikagua leo, mnyauko hujificha, mgomba unaonekana mzima kumbe umeshaingia. Akasema kama kosa ni la hao waliotengeneza lugha, waseme wenyewe. Nilikasirika, lakini nilipokata simu niliona kwamba katika nafasi yake ningesema vilevile.

Basi nikawaandikia. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani ni mtu wa kwetu tu anayeweza kulifanya. Kwetu huingii uani kwa mtu ukaanza na shida yako. Unasalimia, unauliza watoto, unauliza shamba, unakaa, na shida inakuja yenyewe. Niliandika kwa Kiingereza changu chote kwamba natumaini wao na familia zao hawajambo, sisi huku Kagera tunaendelea vizuri na mvua zimeanza, nawashukuru kwa kazi kubwa wanayoifanya bila malipo, na huenda kosa ni langu kwa kuwa nimejifunza mwenyewe. Kisanduku kitupu kilitokea kwenye aya ya nne. Baada ya saa chache mtu mmoja akajibu kwa adabu, akanishukuru kwa salamu, akasema hili linaonekana kuwa swali la mwanafunzi, niende nikaulize kwenye jukwaa la wanaoanza. Akaifunga ripoti yangu.

Nilikaa pale dukani nimeduwaa. Mteja aliyetaka cheti chake cha kuzaliwa kiwekewe plastiki alisubiri mpaka akakohoa. Nilipomaliza naye nilisoma ripoti za watu wengine, kumi na zaidi, nikaona wanavyoingia. Hawapigi hodi. Wanasema: nilifanya hivi, kitabu kinasema hivi, ikatokea hivi. Mwanzoni niliona ni ukosefu wa malezi. Kadiri nilivyosoma nikaelewa kwamba pale heshima ni kutompotezea mtu muda wake, na kwamba ile “huenda kosa ni langu” haikuwa adabu kwa mtu yeyote. Ilikuwa uongo. Kosa la kitabu halikuwa langu, na nilikuwa na uhakika nalo.

Jumanne nikaandika upya mistari michache tu. Toleo ninalotumia. Jedwali la mistari mitatu. Sentensi ya kitabu, neno kwa neno. Kilichotokea. Nikafunga kwa kusema kwamba kitabu na amri haviwezi vyote kuwa sahihi, waniambie kipi kati yao kimekosea.

Jibu lilikuja kabla sijafunga duka. Mmoja wa watunzaji wa lugha alikuwa ameendesha mfano wangu na kuona nilichokiona mimi. Aliandika kwamba niko sahihi. Kwenye toleo la karibuni walibadilisha amri makusudi, kwa sababu watu wengi huacha kisanduku kitupu wakimaanisha “kama hapo juu”, lakini hakuna aliyekumbuka kurekebisha kitabu. Kisha akauliza, kwa dhati kabisa, mimi nilikuwa namaanisha nini kwa kisanduku kitupu.

Nikamjibu kwamba mwenye nyumba hakuwepo, na kwetu huwezi kusema jambo la nyumba ya mtu mwenyewe hayupo.

Aliandika kwamba hawakuwahi kufikiria hilo. Usiku huohuo walibishana wao kwa wao hadharani, nami nikabishana nao, na mwisho wakakubaliana kwamba amri isijaze kitu mpaka iambiwe. Kwa kitabu waliniomba sentensi niiandike mwenyewe. Niliiandika mara sita. Iko humo mpaka leo, na nikiwa na siku mbaya huwa naifungua kuitazama.

Jumatano nilifunga duka, nikachapa mazungumzo yote, nikatafsiri kwa Kiswahili pembeni kwa kalamu, nikaenda Ihanda. Mwenyekiti alisoma akiwa amesimama, akafika mwisho, akarudia ukurasa wa kwanza. Kisha tukaenda sote kwa bibi pamoja na mzee mkaguzi, na safari hii mwenyewe alikuwepo. Mzee alipita shina kwa shina, akakata alipohitaji kukata, akipitisha kisu motoni kila mara. Migomba ilikuwa mizima yote. Akachora kistari chake kwa kalamu ya wino, mbele yetu, na mwenyekiti akasema suala limekwisha, kesho hakuna atakayekuja kung'oa.

Nilimgeukia bibi nikitegemea shukrani. Nasema ukweli, niliitegemea. Nilikuwa nimebishana na watu wa dunia nzima kwa ajili yake na nikashinda. Nilimweleza kwamba hata kitabu kimerekebishwa, kwamba hakuna mtu mwingine popote atakayepatwa na jambo hili.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. “Nilisomwa kanisani,” akasema. “Hicho kitabu chako hakisomwi kanisani.”

Aliingia ndani akatuletea maji ya kunywa, na mimi nikayanywa huku uso unanichoma. Njiani mwenyekiti alisema yeye atatangaza Jumapili. Nikamwambia hapana, orodha ilitoka kwangu.

Nilikuwa nimeandaa maelezo mazuri ya Jumapili ile. Nilitaka kuwaeleza watu toleo jipya na la zamani, kitabu na amri, na jinsi watunzaji walivyokiri. Ibada ilipoisha watu wakatoka nje, nikasimama mbele ya meza ya mnada na karatasi zangu mkononi, na nilipomwona bibi amekaa nyuma kabisa, karibu na njia, nikaona maelezo yote yale yalikuwa namna ya kumwekea kosa mtu mwingine. Nikazikunja karatasi. Nikasema kibanja chake ni kizima na kimekaguliwa. Nikasema mkaguzi hakuandika ugonjwa wala hakufuta kitu. Nikasema orodha nimeitengeneza mimi, nilikuwa na siku nzima ya kuilinganisha na jedwali la katibu, sikuilinganisha kwa sababu nilijiamini, na kumbe jina la mtu lilikuwa humo. Nikamwomba radhi kwa sauti ambayo hata watoto waliokuwa wakicheza nyuma ya kanisa waliisikia.

Nimewahi kupata majibu makali ya watunzaji, lakini sijawahi kusubiri jibu kama nilivyosubiri pale. Kisha mwenyekiti akainuka kutoka benchi la mbele, akapita katikati ya watu mpaka nyuma alikokaa bibi. Akavua kofia.

“Mama, palizi ya kahawa imenishinda,” akasema, kwa sauti ya watu wote kusikia. “Kesho ungenisaidia.”

Bibi akakunja vizuri kitenge chake magotini.

“Kesho nina kazi yangu,” akasema. “Nitaangalia kama Jumatano nina nafasi.”