Sisi wapenzi wa muziki wa classical wa Malaba tulivyomtoa soprano wetu kwa sababu ya kaseti yangu

Wakuu, salamu kutoka huku mpakani.

Haya nitakayosema ni ukweli mtupu, na mengi yananitia aibu, kwa hivyo mtu asiniulize kama nimeongeza chumvi. Ningekuwa naongeza chumvi ningejipa sehemu nzuri kwa hii stori.

Mimi nashughulikia karatasi za malori hapa Malaba, upande wa Kenya. Kazi yenyewe ina muda mwingi wa kukaa tu. Wenzangu wanabeti, wengine wanabishana siasa. Mimi nilishikwa na ugonjwa wa muziki wa classical.

Ndiyo. Classical. Violin na Kilatini, hapa hapa Malaba. Chekeni mmalize tuendelee.

Tuko na group ya WhatsApp, watu kumi na wanne. Wengi ni wa Malaba na Amagoro, mmoja wa Amukura, na wawili wa Busia ambao wanajiona wametoka Ulaya. Kazi ya group ni kutuma recording na kubishana. Mtu anatuma misa fulani, mwingine anajibu, "Hiyo ya Wajerumani ni baridi, tafuta ya Waingereza." Mwingine, na simu yake spika imepasuka, anaandika aya tatu kuhusu utamu wa cello. Cello yenyewe hajawahi kuiona. Mimi pia sijawahi.

Mkubwa wa group ni Mwalimu Wandera, mwalimu mstaafu, na ndiye anafundisha kwaya ya kanisa ambayo nusu yetu tunaimba. Akisikiliza muziki anafunga macho na kuinua kidole kimoja, na mpaka kidole kishuke huruhusiwi kukohoa. Ukituma recording asiyoipenda anajibu neno moja tu: "Hapana."

Sasa, padri mmoja mzee alipokuwa anarudi kwao Ulaya aliniachia kartoni ya kaseti. Nilikuwa na deki ya kaseti ya zamani niliyonunua Busia, ya mtumba. Ndani ya kartoni nikapata misa moja ya Kilatini ya sauti nne, mtu aliirekodi kutoka redio miaka ya huko nyuma.

Wakuu, ilikuwa moto! Mbio balaa. Masoprano wanapanda juu mpaka unaogopa watashuka aje. Mwishoni kuna dada mtangazaji anasema maneno machache kwa lugha yao, kasauti kembamba, katamu.

Nikaweka simu mbele ya spika, nikarekodi, nikatuma kwa group.

Mwalimu alichukua saa nzima kuisikiliza. Halafu akaandika: "Hii ndiyo. Zingine zote zifutwe."

Kuanzia siku hiyo nikaitwa Profesa. Wale wa Busia, ambao hata good morning yangu walikuwa hawajibu, wakaanza kuniuliza maoni. Mtu akituma recording nyingine ya misa ile ile, tunaicheka. "Imelala." "Hawa waliimba wakiwa wameshiba ugali." Tulipitia recording saba, zote tukasema zimelala. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza inakuwaje dunia nzima imelala na kaseti ya Malaba peke yake ndiyo iko macho.

Mwalimu akaamua kwaya yetu itaimba hiyo misa kwenye mashindano ya Amagoro.

Karatasi za solfa, zile za do-re-mi, tulikuwa nazo, lakini zilikuwa fotokopi ya fotokopi, na ile kona ya juu inayosema doh ianzie wapi ilikuwa imekatwa. Mwalimu hakujali. Alichukua kinanda, akaweka recording yangu, akatafuta doh humo. Akaipata. Akaiandika kwa wino mwekundu.

Hapa ndipo anaingia Mama Amoit.

Mama Amoit anauza omena, wale dagaa wakavu, sokoni, na ameongoza sauti ya kwanza tangu wengi wetu tukiwa primary. Akiimba, hata wale wanaokuja kanisani kuchat wanaweka simu chini. Ile solo ya misa ilikuwa yake, hakuna mtu aliwaza tofauti.

Mazoezi ya kwanza alifika katikati akasimama.

"Mwalimu, hii iko juu sana. Na hawa watu wa kaseti hawapumui kama watu. Wewe hebu sikiza vizuri."

"Mama, hao ni professionals," Mwalimu akamjibu, na macho ameyafunga.

Kwa group ndiyo kulikuwa kubaya. Mmoja akaandika kwamba umri ni kitu mbaya. Mwingine akasema arudi kwa nyimbo za harusi. Na mimi, Profesa mzima, niliandika hivi: "Sikio la classical hujengwa, si kila mtu analo." Nikaweka na emoji ya violin. Hiyo message iko mpaka leo. Nimejaribu kuifuta, simu inasema nimechelewa.

Mazoezi ya tatu sauti yake ikakwama kwenye ile noti ya juu. Mwalimu akampa solo Doreen, binti wa ndugu yake, ambaye ananyoosha shingo kabla hata noti haijafika. Mama Amoit akaambiwa "apumzike kidogo" mstari wa nyuma. Hakugomba. Alichukua kitabu chake, akatoka, na Jumapili iliyofuata hakuja kwaya. Mimi niliona vibaya, siwadanganyi. Niliona vibaya nikanyamaza.

Zikiwa zimebaki wiki tatu mashindano yafike, deki yangu ikaanza kutafuna kaseti. Nikaipeleka kwa Mzee Ekirapa, fundi wa redio hapa Malaba. Akaifungua, akapuliza vumbi, akaweka kaseti yake ya kujaribia. Akaanza kucheka peke yake.

"Boss, nani alikaza hii mota?"

Akanionyesha katundu kadogo nyuma ya mota. Ndani kuna skrubu ya kupunguza au kuongeza mbio, na mtu aliizungusha kabla sijainunua.

"Hii inakimbiza kila kitu. Umekuwa ukisikiza watu wakifukuzwa."

Akairudisha polepole na bisibisi, akaweka kaseti yangu. Misa ikashuka. Wale masoprano wakawa binadamu, unasikia kabisa wakivuta pumzi kabla ya mstari. Na yule dada mtangazaji mtamu wa mwishoni? Mwanaume! Tena mzee.

Kila kitu alichosema Mama Amoit kilikuwa kweli, neno kwa neno, na hakuhitaji bisibisi kukijua.

Nikatoa simu niandike kwa group. Nimeandika nusu, ikaingia message ya mmoja wa wale wa Busia: "Profesa, wewe ndiye umeinua standard ya hii border yetu."

Nikafuta niliyoandika.

Nilijiambia nitasema kesho. Nikasema nitasema Jumapili. Wakuu, wiki tatu ni fupi sana ukiwa unaitwa Profesa.

Siku ya mashindano ikafika. Doreen akanyoosha shingo, noti ikafika, sauti haikutokea. Ilitoka hewa tupu. Masoprano wengine wakakimbilia kumsaidia, kila mmoja na doh yake. Mimi niko kwa bass, nimeangalia viatu.

Jaji alikuwa sista mmoja mfupi mwenye miwani. Akamwita Mwalimu mbele ya watu.

"Mwalimu, hii misa mmeipandisha toni moja na nusu. Kwa nini mnatesa watoto wa watu?"

"Sista, tumefuata recording," Mwalimu akasema, kifua mbele.

Sista akaomba aisikie. Aliweka simu sikioni, akaruka mpaka mwisho, akamsikia yule "dada". Alicheka mpaka akavua miwani akaipangusa.

"Hii kaseti inakimbia, Mwalimu. Huyu ni mwanaume."

Ukumbi wote ulisikia. Tulikuwa wa mwisho, na kulikuwa na kwaya moja iliyokuja bila tenor hata mmoja.

Mnadhani group ilitubu? Thubutu! Mwalimu aliandika: "Ukweli wa mashine ni kitu kimoja, ukweli wa sanaa ni kitu kingine." Makofi kumi na moja. Nikatuma ile kaseti ikiwa kwa mbio yake halali. Mwalimu akajibu, "Hapana." Wale wa Busia wakasema imelala. Ile ya kukimbia imebaki ndiyo recording rasmi ya group mpaka leo, naambiwa.

Na jina la Mama Amoit halikutajwa. Hata mara moja. Hiyo ndiyo iliniuma ikanitoa kwa kiti.

Nikaenda sokoni. Nilimkuta anapepeta omena, akanivutia ndoo nikae. Nikamweleza yote, mota, skrubu, sista na miwani yake. Nilipofika kwa mtangazaji alicheka vizuri, nikaona mambo yameisha. Nikamwambia, Mama, kwaya inakuhitaji.

Akaendelea kupepeta.

"Na wewe ulijua lini?"

"Juzi, Mama. Siku ya mashindano, kama wengine wote."

Nilidanganya hivyo, mchana kweupe, mbele ya omena.

Hakuniangalia.

"Ekirapa ameoa dada yangu, na hiyo habari ya kaseti alikuwa anaijua," akasema. "Ile siku umetoka kwake na deki, alinipigia simu. Nilifurahi, we! Nikafua uniform ya kwaya, nikapiga pasi. Nikamwambia dada yangu, huyo kijana atakuja kuniita, ameshasikia na masikio yake. Siku za mazoezi nilikuwa nafunga hapa mapema, nakaa nyumbani nimevaa, simu iko mkononi."

Mteja akaja, akampimia gorogoro moja, akamwongezea kidogo juu.

"Wiki tatu," akasema. "Sasa enda, boss, unanizibia wateja."

Nikaenda.

Somo sina refu. Ukijua mtu ameonewa, sema siku hiyo hiyo, hata kama utapoteza cheo cha bure cha WhatsApp. Mimi nilijua, nikanyamaza, halafu nikamdanganya machoni.

Group nimetoka. Sokoni nimepita mara mbili, zote nikapitia upande ule mwingine.

Kwa hivyo nauliza kwa heshima, hasa akina mama mlioko humu: mtu kama huyo unamrudia na maneno gani? Semeni hapo chini. Matusi pia nitasoma yote. Naomba tu mtu asiniite Profesa.