Ua Begani kwa Mamdogo

Wino wangu wa kuchapia nauchanganya mwenyewe, na siku nikizidisha mafuta hutoa harufu kali inayopanda puani moja kwa moja, sawasawa na piko mbichi, ile rangi nyeusi wanayopakwa maharusi wetu mikononi na miguuni. Hapo hukiweka chini kisu cha kuchanganyia nikacheka peke yangu. Wanafunzi wangu wameshazoea. “Mwalimu kashikwa na piko lake,” huambiana, wakaendelea na kazi.

Kazi yangu ni kuchora, na zaidi ni kuchapa picha. Nachonga ua au uso wa mtu juu ya ubao, naupaka wino, nalaza karatasi, kisha naisugua kwa mgongo wa upawa wa kifuu mpaka picha ihamie kwenye karatasi. Wanaokuja karakanani kwangu, hapa Mji Mkongwe, huniuliza nilijifunzia wapi. Wageni nawatajia chuo. Nyinyi nitakwambieni ukweli: nilijifunzia kwenye bega la bi harusi, nikiwa na miaka minane, na nusura nichapwe mimi.

Bi harusi mwenyewe alikuwa Mamdogo Zuwena, mdogo wake mama. Katika nyumba yetu ya Kiponda, mimi na yeye tulilala kitanda kimoja tangu nilipoachishwa ziwa. Ndiye aliyenisuka nywele, na ndiye aliyeniokoa kila nilipovunja kikombe, kwa kusema kakivunja yeye. Sasa alikuwa anaolewa na kijana wa Kizimkazi, na wiki nzima kabla ya harusi akawekwa ndani. Chumba chetu kikawa chumba chake. Mimi nikahamishiwa ukumbini, kwenye mkeka mmoja na binamu zangu, na mmoja wao alikuwa akikoroma utadhani mtu mzima. Nilimchukia bwana harusi yule kabla sijamjua hata sura.

Aliyetawala chumba kile alikuwa Bi. Kibibi, somo wa Mamdogo, yaani mwanamke aliyepewa kazi ya kumfunza na kumtengeneza bi harusi. Alikuwa mnene, mcheshi, na bangili zake zilisikika kabla hajafika ngazini. Asubuhi alimsugua Mamdogo kwa singo, ule mchanganyiko wa maua na viungo, mchana akampaka liwa ya msandali, na kutwa nzima alikuwa akimrekebisha. “Inua kidevu. Usicheke hivyo, meno yote nje. Visigino hivi, mwanangu, utakwenda navyo kwa watu?” Mimi nilikuwa nikisikiliza mlangoni, na nilidhani wanatengeneza kabati.

Siku moja kabla ya Mamdogo kutolewa nje, Bi. Kibibi alimaliza kumchora mikono na miguu asubuhi. Adhuhuri nikaona piko imebaki kidogo chini ya kikombe. Nilimng'ang'ania mpaka akachoka. Akanichorea kiganjani, mkono wa kulia, ua moja la petali sita na jani lililolalia upande wa kidole gumba.

“Mkono huo usiguse kitu mpaka ukauke,” akaniambia pale mlangoni, kwa sauti ya kusikika mpaka chumbani. “Si ukuta, si nguo, si pua yako. Umesikia?”

“Naam, Bi. Kibibi.”

Nilikusudia kutii, wallahi. Lakini baada ya chakula, ambacho nililishwa kama mtoto mchanga, nyumba nzima ililala, na mimi nilikuwa na ua zuri mkononi, bado bichi, na sina wa kumwonesha. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa tu. Mamdogo alikuwa amelala ubavu, kanga kifuani, mabega wazi, amenipa mgongo. Nikamwita kwa kunong'ona. Hakugeuka. Nikamwekea mkono begani ili nimwamshe, asiamke. Ngozi yake ilikuwa laini, inanukia liwa, na wiki nzima sikuwa nimemgusa. Basi nikauacha mkono wangu pale pale. Nilipouinua, ua lilikuwa begani kwake.

Naomba mniamini: kwanza sikuogopa hata kidogo. Nilifurahi mpaka nikajiziba mdomo. Ua langu moja limekuwa mawili! Tena la kwake limegeuka, jani limelalia upande wa pili. Nikatazama kiganja, nikatazama bega, nikarudi kiganjani. Sijui nilisimama pale muda gani, na piko haimsubiri mtu. Ndipo macho yangu yakaangukia gauni la harusi lililotundikwa nyuma ya mlango, jeupe, la mabega wazi.

Kesho yake Mamdogo angekalishwa mbele ya wanawake wa mji mzima, na macho hayana pazia. Nikalowesha upindo wa nguo yangu kwa mate nikasugua. Ua halikutoka. Likazidi kuwa jeusi. Nikatoka mbio nikapanda darini, nikajibanza nyuma ya tangi la maji.

Sauti ya mama ilinifikia huko huko. “Zuwena! Begani pana nini? Yarabi, nani kamfanyia mdogo wangu haya?” Watoto wote wa nyumba wakaitwa ukumbini, na mimi nikaburutwa kutoka darini na yule binamu mkoromaji. “Nyoosheni mikono!” Wenzangu wakanyoosha viganja vitupu. Mimi changu nilikibana kwapani, na mtoto aliyebana mkono kwapani hahitaji shahidi.

Mama alivua kandambili. “Mchelea mwana kulia hulia yeye! Leo niacheni naye!”

Bi. Kibibi akajitia katikati, na ukijua mwili wake utaelewa kwamba hapakuwa na njia ya kupita. Akanishika mkono akaniingiza chumbani. Mamdogo alikuwa ameketi kitandani, uso ameuinamisha kwenye kanga, mabega yanatikisika. Analia, nikasema moyoni, na mimi ndiye niliyemliza siku moja kabla ya harusi yake. Kandambili ya mama haikuwa kitu tena.

Bi. Kibibi alilitazama lile ua kwa muda mrefu, akalikaribia, akarudi nyuma.

“Hili halitoki kabla ya wiki,” akasema. “Na maji yashamwagika. Lakini doa likiwa moja ni doa, yakiwa mawili yanatazamana, nani atasema ni doa? Lete mkono wa kushoto.”

“Lichore wewe basi, Bi. Kibibi,” mama akamsihi. “Huyu atatuharibia zaidi.”

“Nikilichora mimi halitofanana. Aliyetia la kwanza ndiye atakayetia la pili.”

Akanichorea kiganja cha kushoto, akiligeuza jani huku akilitazama ua la kwanza begani, ili yakabiliane. Kisha akaninong'oneza maneno ambayo mpaka leo nawapa wanafunzi wangu bila ya kubadilisha hata moja: “Zuia pumzi. Shusha mkono mara moja, usiusogeze. Hesabu mpaka kumi. Halafu inua wima, usiburute.” Nilihesabu mpaka kumi, na ile saba ilikuwa ndefu kuliko mwezi wa Ramadhani. Ua likatoka safi. Bi. Kibibi akayaunganisha mawili yale kwa mstari mwembamba wa majani uliopita chini ya shingo. Kesho yake wanawake waliulizana nani kayabuni, na kwa miaka miwili kila bi harusi wa mitaa yetu alitaka maua ya mabegani. Bi. Kibibi alipokea sifa zote. Mimi sikupata hata soda.

Nikaanza kuchapa kila kitu. Mama akikata bamia, mimi naiba vipande, kwa sababu bamia iliyokatwa inatoa ua zuri ajabu. Muhogo nao unachongeka, ingawa unanywa rangi. Baadaye nikawa naokota mabaki ya mbao kwa mafundi seremala, na hizo ndizo zilizonifikisha chuoni. Lakini kila nilipochapa picha ya mgongo wa mwanamke, na nimechapa nyingi, nilikuwa namwomba radhi Mamdogo kimyakimya.

Juzi juzi alikuja kutoka Kizimkazi kutazama maonesho yangu, sasa ana wajukuu. Alisimama mbele ya picha ya bega lenye ua, na mimi nikaona ama leo ama basi.

“Mamdogo, nisamehe. Nilikuliza siku ile.”

“Kunliza?” Akanishangaa. “Mie nlikuwa nacheka, mwanangu! Nlijificha Bi. Kibibi asinambie nnaonesha meno.”

“Lakini nilikuharibu nawe umelala.”

“Nani kakwambia nlilala? Nlikusikia tangu ulipofungua mlango.” Akaushika mkono wangu wenye madoa ya wino akaupindua. “Wiki nzima kila aliyenshika alikuwa anatafuta kasoro. Wewe ulikuja ukaweka mkono tu, hutaki kitu. Nkaogopa nkitikisika utauondoa.”

Miaka yote hii nawafundisha watu kutulia kwa mkono, na sikuwahi kufikiri juu ya utulivu wa upande wa pili. Yeye aliujua mkono wenye piko, aliliona gauni mlangoni, na akachagua kutotikisika. Nilikuwa nikijiona mchapaji tangu nina miaka minane. Kumbe ua lile lilitoka zuri kwa sababu Mamdogo alitulia.