Usimtazame Mdomo

Nakumbuka mchana mmoja wa Ijumaa hapa hapa Likoni, mwanangu, nimeshika kisahani cha wali uliopoa, nauzunguka ua mzima nyuma ya mtoto wa miaka minne. Jua lilikuwa kali. Wanaume walikuwa wamerudi msikitini na washakula, masinia yashaoshwa, na mimi sijatia hata punje mdomoni. "Hili la baba," namwambia. "Fungua mama, na hili la nyanya." Naye anabana midomo, anaangalia kando, anahamia upande wa pili wa pipa la maji. Nilikuwa kijana kama wewe, na nilikuwa na ule uchovu ambao mtu hulala nao na kuamka nao.

Nimeukumbuka mchana huo kwa sababu ya jana. Nilipokuja kukujulieni hali nilimkuta mjukuu wangu juu ya kochi, simu umeiegemeza kwenye jagi, katuni zinaimba, nawe unamtilia kijiko kila anaposahau kwamba anakula. Simu ikazima, akatema yote. Ukaingia jikoni ukafikiri sisikii. Nilikusikia ukilia, mwanangu. Sikukufuata, kwa kuwa mke wa mtu akilia jikoni kwake ana haki ya kulia bila ya mama wa mumewe kumsimamia mlangoni. Lakini tangu hapo moyo haujatulia, na leo nataka nikwambie yaliyonipata mimi. Chukua yatakayokufaa, mengine niachie mwenyewe.

Yule mtoto wa kisahani ni Mwanaisha, wifi yako. Usimwone leo anavyoijaza khanga! Wakati ule alikuwa mifupa mitupu. Wali aliutaka mweupe na mkavu, na mchuzi ukigusa punje moja tu ameiacha sahani nzima. Samaki alikuwa na miba, hata yule niliyemtoa miba kwa kucha zangu. Mchicha ni majani, muhogo una nyuzi, na bamia usiitaje mbele yake. Chapati alikula ya katikati, ukingo akawatupia kuku. Nikimlazimisha tonge alilitia shavuni, akakaa nalo shavu limevimba mpaka adhana ya alasiri.

Tulikuwa tukikaa nyumbani kwa mavyaa wangu, mamake mume wangu, Mungu amrehemu. Wanawake na watoto tulikula sinia moja, na mavyaa ndiye aliyegawa kitoweo. Alimega samaki akamwekea kila mtoto upande wake, na kila mmoja akala palipo mbele yake. Hapakuwa na kuchagua wala kupeleka mkono kwa mwenzio. Mimi nikauvunja utaratibu ule. Nilimwondoa Mwanaisha kwenye sinia nikamtengea kisahani chake, nikamkaangia yai, yai likikataliwa nikamkaangia viazi, viazi vikikataliwa nikamtilia chai na mkate. Basi na watoto wengine wakaanza kudai mayai. Mavyaa hakusema kitu, lakini alikuwa na namna ya kunyamaza ambayo ukiisikia utatamani akutukane yaishe.

Kila mtu alikuwa na lake. Huyu alisema mtoto ana jicho la watu, nikamnywesha kombe, maji yaliyooshewa aya. Yule akasema pengine sijui kupika, na hilo liliniuma zaidi ya yote. Nilimpeleka kliniki, muuguzi akampima akasema mtoto hana ugonjwa, ni mwembamba tu na atakua. Sikumwamini.

Sikumwamini kwa sababu moja, na sijui kama mumeo alikwambia. Kabla ya Mwanaisha nilizaa mtoto wa kiume. Bado mchanga, siku moja akaacha kunyonya. Nilimpa ziwa akageuza uso. Nikangoja, nikampa tena, akageuza uso. Haukupita muda tukamzika. Kwa hiyo kila Mwanaisha alipogeuza uso wake mbele ya tonge, mimi niliuona uso ule mwingine. Sikumwambia mtu. Walionitazama waliona mama anayembembeleza mtoto mwenye deko, na ndani yangu nilikuwa ninazika kila siku wakati wa chakula.

Basi Ijumaa ile, nikiwa bado uani na kisahani, akaingia wifi yangu Nuru, dada wa mume wangu. Alikuwa akikaa Mikindani na mumewe, na Mungu hakuwa amewajaalia mtoto. Akasimama akatutazama, mtoto anakimbia na mimi namfuata na tumbo langu, kwani nilikuwa mja mzito, mumeo yumo tumboni, na miguu imenivimba. Akapita ndani kwa mamake. Baadaye nikaitwa.

"Mpe mwenzio mtoto akakae naye," mavyaa akaniambia. "Wewe umechoka."

Mume wangu alikuwapo. Alitazama sakafu.

Unajua kwetu shangazi kumchukua mtoto si jambo la ajabu, wala hakuna aitaye kunyang'anywa. Lakini nilijua pia kwamba mtoto aliyelelewa kwa shangazi hurudi kwa mamake kama mgeni, anakuja Idi, anakwenda zake. Nikajibu, "Ndiyo, mama." Ningesema nini? Nilizifunga nguo zake kwenye mtandio, na alipoondoka hakulia. Nililia mimi.

Nyumba ikapoa. Nikawa nakula chakula kingali moto, nimekaa kitako kama watu, na kila tonge nakitazama kile kisahani kitupu. Siku zikapita mpaka nikashindwa, nikavuka feri kwenda Mikindani bila ya kutuma habari.

Niliingia kwa mlango wa nyuma. Nuru alikuwa amekaa mkekani na jirani yake, sinia iko katikati, sima na mchicha wa nazi na samaki wa kukaanga. Walikuwa wakimsema fundi wa nguo aliyewaharibia mshono, wanacheka. Na hapo kando Mwanaisha, mwanangu mimi, anamega sima kwa mkono wake mwenyewe, anaichovya kwenye mchicha, anatia mdomoni, anameza. Anamega tena. Hakuna aliyemwambia kula.

Nilipaswa kusema alhamdulillahi. Nilichokisikia ni wivu, wallahi, wivu ulionipanda mpaka masikio yakawa moto. Kumbe anaweza kula! Kumbe ni mbele yangu mimi tu hataki kula!

Ndipo akainua uso akaniona. Tonge alilokuwa nalo likasimama. Likaenda shavuni, shavu likavimba kama zamani.

"Karibu wifi, nawa ule," Nuru akasema, kana kwamba hakuona kitu.

Nikakaa, lakini macho yangu hayakutoka kwenye lile shavu. "Meza, mama," nikamwambia Mwanaisha. "Meza tu kidogo." Hakumeza. Alitoka akaenda kulitema nje, na sinia ikaondolewa.

Jirani alipokwenda zake, Nuru aliniita jikoni.

"Wifi, nitakwambia neno, na nakuomba usinikasirikie."

"Sema."

"Usimtazame mdomo. Mtoto huyu yuwala, hata leo alikuwa yuwala vyema mpaka ulipoingia. Wewe humtazami yeye. Wamtazama yule tuliyemzika."

Nikaketi pale pale juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Miaka yote ile hakuna aliyelisema. Nililia mpaka nikatoka kamasi, na Nuru akasimama kando yangu, mkono wake begani mwangu, akanielezea taratibu kama mtu anayefundisha pishi.

"Mimi namwekea kitoweo upande wake kama mtu mwengine yeyote. Akila, sisemi. Asipokula, sisemi pia. Sinia yatoka, na hakuna yai wala mkate mpaka wakati wa chakula kingine. Siku za mwanzo alikula wali mkavu tu, nikauwacha uwe wali mkavu. Na mimi nilikuwa na hofu, sikudanganyi. Nilikuwa nikipiga soga na jirani huku moyo wanidunda."

Kisha akasema lile ambalo mpaka leo nikilikumbuka huwa najifuta macho.

"Na kama wamtaka, mchukue leo. Nikizidi kukaa naye sitaweza kumtoa."

Fikiria, mwanangu. Mwanamke yule alikuwa ameomba mtoto kwa Mungu usiku na mchana. Sasa anaye nyumbani, anakula vizuri, anamwita shangazi kwa raha zake, na mamake mwenyewe amekuja kuonekana kwamba ndiye anayemharibia. Angenyamaza tu. Kila mtu angesema mtoto amekula kwa Nuru, na abaki kwa Nuru, nami ningerudi Likoni nimeinamisha kichwa nikiamini hivyo hivyo. Badala yake alinipa dawa aliyonayo, kisha akanipa na mtoto. Alimvisha mwenyewe, akamsuka upya nywele za mbele. Tulipofika nje aliagana nasi haraka haraka akaingia ndani, na sikumwona dirishani.

Usifikiri mambo yalinyooka siku ile. Nilimwambia mavyaa, "Mama, leo mgawie Mwanaisha kama wenzake." Akamwekea samaki upande wake. Hakumgusa. Sinia ikaondoka, akaja kunililia njaa, na mimi nikamwambia chakula cha usiku kiko njiani, kisha nikaenda chooni nikafunga mlango nikalia njaa yake. Kesho yake hivyo hivyo. Kuna siku nilishindwa nikamkaangia yai kwa siri, na siku iliyofuata ilinibidi nianze upya. Ilikuwa kazi ndefu, na iliyokuwa ngumu zaidi ilikuwa kuyashika macho yangu. Nilijifunza kutazama miba ya samaki wangu. Nilijifunza kuuliza habari za soko hali sitaki kuzijua. Mwanaisha akaanza kwa mchuzi, kidole kimoja, tena alidhani simwoni.

Bamia hali hadi leo. Sikuwahi kuishinda bamia, na nilikwishaacha kupigana nayo. Nuru naye hakupata mtoto wa kumzaa mpaka anaingia kaburini. Alipokuwa hai, kila alipokuja kwetu, Mwanaisha alikwenda kukaa upande wa shangazi yake, akala naye, akaniacha mimi peke yangu upande wangu. Iliniuma kila mara, na kila mara niliona ni haki yake Nuru.

Sasa nikuusie, mwanangu, kwa maneno ya wazi. Mtoto akikonda au akilegea mpeleke kliniki kwanza, usingoje maneno ya watu, na muuguzi akikwambia ni mzima, mwamini, usifanye kama nilivyofanya mimi. Kisha mrudishe kwenye chakula cha wote. Mwekee kidogo, na pembeni yake uweke kitu kimoja anachokijua. Usimpikie cha pili, usimhonge, usimlinganishe na mtoto wa jirani. Akikataa hajakukataa wewe, ingawa najua ndivyo unavyosikia, kwa sababu ulisimama jikoni tangu asubuhi na mgongo unakuuma. Na kama kuna hofu unayoila kimya kimya, niambie. Mimi nilinyamaza na hofu yangu mpaka ikakaribia kunichukulia mtoto.

Usijione mama mbaya. Umechoka tu, na kuchoka si dhambi.

Kesho usiwashe jiko. Njoo ule kwangu, mlete na mtoto. Yeye atakaa upande wangu wa sinia, wewe utakaa upande ule mwingine, nami nitagawa kitoweo. Wewe kula chako. Macho yakikushinda, nitazame mimi.

Mola akuondolee uzito huo ulioubeba, amkuze mwanao kwa afya, na akupe siku ya kula ukashiba hali mwanao yuko karibu nawe, wala usijue amekula matonge mangapi. Amin.