Herufi za Dirisha la Nne

Dirisha la nne la mahakama ya Oruro, Bolivia, hufungwa saa sita kamili. Zikiwa zimebaki dakika ishirini na tano, don Casimiro, fundi viatu, alirudi mbio kwa Nieves Choque, mchapaji wa barua kando ya barabara, na rufaa yake mkononi. Leo ndiyo siku ya mwisho. Isipopokelewa, kibanda chake sokoni kimekwenda.

"Doña Nieves, karani amekataa! Eti namba za kurasa zina herufi nyingine."

Kweli. Mahakama inataka herufi za aina moja tu, na programu mpya aliyowekewa Nieves juzi kwenye kompyuta ilikuja na zake nyembamba. Nieves alibadili herufi za maneno, za namba akazisahau.

"Zichore kwa kalamu," Froilán, mchapaji wa meza ya jirani, alimtania. "Mimi nimesharudishiwa nyaraka mara mbili."

Nieves aliigeukia kompyuta yake. Alichagua herufi za mahakama, akabonyeza kitufe cha kuzifanya zitumike zenyewe katika kila waraka mpya. Akafungua ukurasa mtupu, akahamishia maneno humo, akaweka namba upya. Zote zikatoka sare kwenye printa.

"Kimbia! Na usizikunje!"

Saa sita na dakika tano don Casimiro alitokea mlangoni mwa mahakama akipunga nakala yenye mhuri. Ndipo Nieves akashusha pumzi.

Froilán akasogeza kiti. "Dada, nionyeshe hicho kitufe basi."

"Mwavuli wako wa kukinga jua uhamie mezani kwangu mpaka Ijumaa," alisema Nieves, "halafu nikuonyeshe."

Froilán alilitazama jua, akaanza kuung'oa.