Mbegu Tuliyomnyang'anya Panya

Enzi zetu kule Merikit, miaka ya sitini, panya ulilala naye nyumba moja. Usiku anakuuma kisigino huku anakupuliza, asubuhi unaenda shule na kidonda chako. Vijana wa leo, wanaume wenye ndevu, wakiona mkia tu wanapanda kitandani.

Masuke ya wimbi ya mbegu yalining'inia juu ya meko, yakila moshi mpaka yakawa meusi, na panya hakuyataka. Mwaka mmoja, mvua ikikaribia, mama aliyapura, akaacha mbegu kwenye kikapu sakafuni. Asubuhi kikapu kitupu. Na kwetu mwanamke asiye na mbegu anakwenda kuomba kwa mama mkwe.

Nyanya, mama yake baba, alikuja kabla hajaombwa. Alisimama mlangoni, akakataa kiti.

"Mtoto wa Buhehe, huko ulikozaliwa panya ndiye anakula kwanza?"

Mama alingoja mpaka nyanya akapotelea migombani, kisha akanipa jembe. "Chimba nyuma ya jiko. Panya buku hali yote, anabeba kwa mashavu akaweke akiba. Ni bahili kushinda nyanya yako."

Nilichimba mpaka bega likazama shimoni. Panya akatoka, mkubwa kama paka, akanirukia kifuani. Ndugu zangu walitimua mbio. Mimi nilimmaliza kwa mpini, nikaendelea kuchimba. Mwisho wa shimo kulikuwa na chumba, wimbi letu limerundikwa humo safi, pamoja na njugu za majirani. Mama akapepeta, akapanda mvua ya kwanza.

Wakati wa mavuno nyanya alikula ugali wa wimbi hilo, akalamba vidole. "Mbegu nzuri hii. Ulipewa na nani?"

"Jirani, mama," mama akajibu, akaongeza mboga.

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini fika Busia uulize maghala ya mahindi ni ya nani. Niliajiri karani mwenye cheti. Aliona mavi ya panya, akakimbilia sumu. Panya akafia darini, wateja wakaja wameziba pua. Nikamuuliza shimo liko wapi. Akaniangalia kama nimeongea Kichina.

Nyumbani kwangu wimbi linakuja limesagwa, kwenye pakiti. Jiko la mama lilishaanguka. Jembe lake ninalo, limelika mpaka limebaki kama kijiko, nimeliegemeza sebuleni karibu na redio. Watoto wangu wanalipita kila siku. Hakuna aliyewahi kuuliza ni la nini.