Scolastika na Uji wa Karanga

Scolastika alikuwa muuza karanga katika soko la Nyasubi, mjini Kahama. Alizikaanga mwenyewe nyumbani, akazipepeta, nyingine akazitwanga kuwa unga kwa kina mama waliotaka kuunga mboga au kuongezea uji wa watoto. Mumewe, Donatus, alichimba dhahabu upande wa Geita, akirudi nyumbani mara tatu kwa mwaka, wakati mwingine mara mbili. Scolastika aliishi na mama mkwe wake, Bernadina, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko.

Mwaka 1991 walikuwa na mtoto mmoja, Pantaleo, wa miezi kumi na mitatu. Scolastika alikuwa ameanza kumwekea unga wa karanga kwenye uji, kama wenzake walivyofanya, ili anenepe. Kila alipofanya hivyo mtoto alitoka vipele kuzunguka mdomo na kusukuma kikombe. Bernadina alisema ni joto tu.

Jumanne moja asubuhi Melania, mjane aliyekaa nyumba ya pili, alipita kuomba moto. Akambeba Pantaleo, akamrusharusha.

"Mtoto huyu mzito kama debe la mahindi," alisema. Akamrudisha kwa mama yake, akachukua kaa lake la moto, akaenda.

Scolastika akamnywesha mtoto uji. Hata nusu kikombe hakumaliza. Midomo ilivimba, akatapika, kisha akaanza kuvuta pumzi kwa sauti kama mtu anayekoroma. Scolastika alimfunga mgongoni akakimbia. Alipofika barabarani alihisi uzito umebadilika. Hakugeuka kumwangalia. Aliendelea kutembea mpaka zahanati, akamshusha juu ya meza, nao wakamwambia alilokwisha kulijua.

Msibani, wazee wa ukoo walimwita ndani.

"Asubuhi ile nani alimgusa mtoto?"

"Melania," alijibu.

Hakusema kwamba Melania alimsifu tu mtoto, wala hakuna aliyemuuliza mtoto alikula nini. Wiki hiyo mawe yalianza kuanguka juu ya bati la Melania. Watoto walikatazwa kupita mlangoni kwake. Melania alikuwa na umri wa miaka sitini, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka yote hiyo. Katika nchi ile hayo mawili yalitosha mwanamke kuitwa mchawi na kuwa hatarini. Mwezi haukuisha, akafunga vitu vyake kwenye shuka na kwenda Geita kwa binti yake.

Scolastika alimwona akipita na mzigo. Alikuwa anapepeta karanga. Aliendelea kupepeta.

Loveness alizaliwa mwaka 1994. Mtoto huyu hakupewa karanga. Mama yake hakuwa na sababu yoyote ya kumnyima, ila siku hizo biashara ilikuwa imechanganya na kila kilichotwangwa kilikwenda sokoni. Uji wake ulikuwa wa mahindi na maziwa. Hata hivyo ngozi yake haikutulia. Alijikuna viwiko na nyuma ya magoti mpaka damu, na Scolastika akirudi kutoka sokoni na kumbusu, shavu lilibaki na alama nyekundu.

Alikuwa na mwaka mmoja na nusu alipojikongoja mpaka kwenye kinu, akaukamata mchi na kuulamba. Scolastika aligeuka akamkuta unga umemjaa midomoni, anacheka. Akamfuta. Akarudi kwenye chungu chake. Haikupita muda, akasikia kikohozi, halafu ile sauti ya kukoroma.

Hakupiga kelele, hata jina la mtoto hakuliita. Alimbeba mikononi, akatoka mbio bila viatu, akamkuta mtu wa baiskeli kwenye kona na kukaa nyuma yake. Yule mtu aliona uso wa mtoto, ukiwa umevimba mpaka macho yamefungika, akakanyaga pedali.

Zahanatini alikuwepo tabibu mgeni, kijana aliyeitwa Wiliam, aliyehamia miezi miwili nyuma. Alimtazama mtoto mara moja tu, akavunja kichupa cha dawa na kumchoma sindano pajani. Akasubiri huku ameshika kifundo cha mkono wa mtoto. Akamchoma tena. Taratibu ile sauti ikalegea, na Loveness akaanza kulia kilio cha kawaida.

"Amekula nini, mama?" Wiliam aliuliza.

"Amelamba mchi. Wa karanga."

"Amewahi kula karanga kabla ya leo?"

"Hapana. Ila mimi nauza karanga. Zimo mikononi mwangu kila siku."

Wiliam akakaa kwenye kiti. "Huu unaitwa mzio. Wengine wanasema aleji. Mwili wa mtoto huyu unaiona karanga kama sumu. Karanga haijaharibika, na wewe hujakosea mapishi. Mwili wenyewe ndio unaokosea. Ukimpa tena, hata kidogo, unaweza kumpoteza."

"Dawa yake?"

"Ya kuponya hakuna. Dawa yake ni asile. Usimwekee kwenye uji wala mboga, na mwiko uliokorogea karanga usikoroge chakula chake. Akitoka vipele tu, mpe vidonge vya piritoni nitakavyokuandikia. Lakini akikohoa, akivimba au akitapika, usingoje kidonge, mlete mbio. Leo kaa naye hapa mpaka jioni, hali hii yaweza kurudi."

Scolastika aliitikia kwa kichwa kila neno. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Mtoto wangu wa kwanza alivimba midomo, akatapika, akakoroma hivihivi. Alikuwa anakunywa uji wa karanga. Alikufa."

"Pole, mama," alisema Wiliam. "Inaelekea ulikuwa mzio huohuo."

Scolastika alikaa kwenye benchi mpaka jioni, mtoto amelala mapajani. Alingoja machozi, hayakuja. Aliona tu mikono yake na kucha zake zenye unga, akainuka kwenda kuzisugua bombani kwa sabuni ya kipande, akarudi kukaa.

Kesho yake aliuza gunia lililobaki kwa mwenzake wa sokoni. Kinu na mchi akampa mtu wa mbali. Akaanza kuuza mchele. Bernadina alikasirika.

"Sisi tumekula karanga tangu babu," alisema. "Leo tabibu mtoto anakuja kutuambia karanga inaua?"

"Inamuua Loveness, mama. Sisi haituui."

"Na Pantaleo? Pantaleo tunajua nani alimuua."

"Pantaleo nilimpa mimi uji," Scolastika alisema. Bernadina akatoka nje. Lakini tangu siku hiyo hakuleta karanga tena ndani ya nyumba ile.

Loveness alipoacha ziwa, mama yake alimfungia viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa, akapanda naye gari la Geita. Alimuulizia Melania, akaelekezwa mtaa wa Kalangalala, akamkuta amekaa kibarazani anachambua maharage.

"Shikamoo, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba." Melania alimtambua, akaendelea na maharage. Baadaye akamwita binti yake, kikaletwa kigoda, ikaletwa sahani: michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, imepikwa kwa karanga nzito. Binti akamnyooshea Loveness kipande.

Scolastika akaudaka mkono wake. "Mtoto asile."

Melania akainua uso. "Mpaka leo," alisema. "Umesafiri toka Kahama kuja kunionyesha kwamba changu hakiliwi."

Scolastika alimwomba binti anawe kwanza, kisha ampeleke Loveness nje, mbali, akampa na vile viazi vya kwenye kitambaa. Akaivuta sahani. Akala. Alikula michembe yote mpaka akafuta mchuzi kwa kidole, wala hakujua ladha yake. Kisha akaomba maji na sabuni, akanawa mikono mpaka viwikoni, akasukutua, akaosha midomo.

"Ni karanga, mayu," alisema. "Mtoto huyu akila karanga anakufa. Na Pantaleo alikuwa hivyohivyo. Nilimpa uji. Si wewe. Nimekuja kukwambia."

"Mimi nilijua si mimi," alisema Melania. "Miaka mitano nimejua. Hukuwa na haja ya kuja huku. Waambie wale wa kule."

"Utarudi?"

"Nirudi wapi? Nyumba ipo?"

"Imeanguka. Wamepanda mihogo."

"Haya," alisema Melania, akarudi kwenye maharage.

Jumapili iliyofuata, jumuiya ya waumini wa mtaa ilipokutana kusali nyumbani kwa jirani, Scolastika alisimama sala zilipokwisha. Akasema kwamba mtoto wake aliuawa na uji wa karanga aliompa kwa mkono wake, kwamba Melania hakufanya lolote, na kwamba yeye ndiye aliyemtaja. Akasema pia kwamba mtoto yeyote anayevimba au kukohoa kila akila kitu fulani aachishwe kitu hicho, apelekwe zahanati, na asitafutiwe mchawi. Akakaa. Mmoja akakohoa. Mwingine akaanzisha wimbo, wakaimba.

Wawili waliacha kumsalimia. Miezi miwili baadaye mwanamke mmoja alimjia sokoni na mtoto anayetoka mabaka kila akila yai, akauliza afanye nini. Scolastika aliacha mchele wake wazi, akamsindikiza kwa Wiliam.

Donatus aliporudi kutoka machimboni alisimuliwa yote. Alitaka kujua kwa nini mkewe halii.

"Sijui," Scolastika alimjibu. "Mpe mtoto maji, lakini nawa kwanza. Njiani umekula nini?"