Bolti Iliyogoma Mbamba Bay

Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Mbinga kwa siku mbili tu, Jumatatu na Jumanne, na jina la mama mkwe wangu lilikuwa kwenye orodha. Mume wangu yuko kazini mbali. Kwa hiyo mimi, mwalimu wa hesabu ambaye sijawahi kuendesha gari peke yangu kupita Kigonsera, niliamua kumfuata mama kwake Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka Mbinga na pikapu yetu kuukuu. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mashamba ya kahawa. Jirani yangu alinisindikiza kwa maneno haya: "Huko chini angalia mafundi. Ukigeuka tu, betri si yako." Nilishuka kona zote za milima ya Umatengo nikiwaza betri, na hata ziwa lilipojitokeza chini, la buluu hadi milima ya Malawi, sikulitazama vizuri.

Liuli, saa nne. Mama alinipokea kwa mikono, si kwa macho. Alinipapasa uso mlangoni.

"Umekuja peke yako kweli?"

"Peke yangu, mama."

Jicho la kulia lilishazimika, la kushoto lilibaki na mwanga kidogo tu. Tulikula ugali wa muhogo na samaki wa mbasa, nikampandisha garini, tukaondoka saa sita.

Saa saba na nusu, tukikaribia Mbamba Bay, injini ilianza kupiga kelele kama nguruwe aliyekamatwa. Taa ya betri ikawaka, mshale wa joto ukapanda. Niliingia gereji ya kwanza niliyoiona, banda la mabati lililojaa injini za boti. Fundi alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa waya. Watu walimwita Baba Zawadi.

Alifungua boneti, akabonyeza belti kwa kidole. "Imelegea. Ndiyo inayozungusha pampu ya maji na alternata, ile inayochaji betri. Hivi hivi mlima huupandi, injini itaungua." Kuikaza kulihitaji kulegeza bolti moja tu ya alternata. Akaweka spana, akavuta. Bolti haikutikisika. Kutu ilikuwa imeishika kabisa.

"Niachie ufunguo," akasema. "Mkanywe chai. Hii si kazi ya haraka."

"Ufunguo nabaki nao."

"Unatoka wapi, mama? Bibi unampeleka wapi?"

"Tengeneza gari tu, fundi."

Aliweka spana chini. Kisha akaenda dirishani kwa mama, akasema naye kwa Kinyasa, kwa sauti ya chini. Mimi ni Mmatengo. Niliambulia neno moja moja tu. Mama alijibu, halafu akacheka. Kwa nini wasiseme Kiswahili?

Akarudi, akaisugua bolti kwa brashi ya waya, akaidondoshea mafuta, akaigonga kichwani kwa nyundo, polepole, kama anayebisha hodi. Alipofungua waya wa betri nilisogea hadi bega langu likagusa lake.

"Betri unaipeleka wapi?"

"Siipeleki popote. Nataka kuwasha moto hapa."

Alikunja kitambaa kibichi juu ya belti, akawasha mtungi mdogo wa gesi, akaichoma bolti mpaka ikabadilika rangi. Kisha akachukua mshumaa wa kawaida, akaugusisha pale penye joto. Nta iliyeyuka, ikanywewa ndani ya nyuzi za bolti. Akashika spana, akavuta. Nikapiga kelele:

"Unakaza! Nimeona, unakaza!"

"Nakaza kidogo ili kutu ivunjike. Ukiilazimisha upande mmoja, inakatika, na mtalala hapa."

Bolti ikalia: kriii. Akarudisha nyuma. Ikalia tena. Mbele kidogo, nyuma kidogo, jasho likimdondoka kwenye miwani, mpaka ikazunguka yenyewe kwa vidole. Saa kumi kasoro belti ilikuwa imekazwa. Nilimlipa, nikaangalia betri, jeki na tairi la akiba, nikaondoka bila kusema asante.

Katikati ya mlima, mshale ukiwa umetulia, nilimuuliza mama walichokuwa wakisema.

"Aliniuliza kama nakujua," akasema. "Aliona mwanamke mgeni, ana haraka, amebeba kikongwe asiyeona, hataki kusema anakwenda wapi. Akasema, 'Bibi, kama unapelekwa bila hiari yako, niambie tu. Bolti hii haitafunguka leo.'"

Nilisimamisha gari pembeni.

"Ukamjibu nini?"

"Nikacheka. Nikamwambia huyu ni mwanangu, ifungue."

Jumatatu madaktari walimtoa mama mtoto wa jicho, lile la kushoto. Wiki mbili baadaye, nikimrudisha Liuli, tulisimama kwenye lile banda. Mama alishuka bila kushikwa mkono, akaenda kumtazama fundi usoni. Mimi nilimpa shikamoo, kwa mara ya kwanza. Siku ile sikuwa hata nimemsalimia. Safari nzima nilikuwa nimelinda betri, na yeye alikuwa akimlinda mtu.

"Baba, nilidhani wewe ni mwizi," nikamwambia.

Alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Ningesema nimekusamehe, mama," akasema, "lakini mimi nilikudhania vibaya zaidi."